Kishindo Aenda Saluni

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi ya leo haina sungara mjanja wala jini wa baharini. Haikutokea zamani za kale. Hutokea kila Jumamosi hapa Dar es Salaam, kule Masaki na Mikocheni, na hutokea Nairobi pia, kule Kilimani na Karen. Ni hadithi ya mbwa anayekwenda saluni.

Nawasikia mnacheka. Mbwa wa babu alilala chini ya mwembe, mvua ikinyesha ndiyo kaoga, akazeeka salama salimini. Ni kweli, na mbwa yule hakuhitaji zaidi. Manyoya yake yalikuwa mafupi. Yalipofika mwisho wake yalianguka yenyewe, yakaota mengine. Lakini wapo mbwa ambao manyoya yao hayaachi kurefuka. Usipowanyoa, yatawafunika macho, yatasokotana, yatavuta ngozi mpaka mbwa ashindwe kutembea vizuri. Hawakujifanya hivyo wenyewe. Watu ndio waliowachagua na kuwazalisha, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa walipenda manyoya marefu. Basi aliyeyataka manyoya ndiye mwenye kazi ya kuyatunza.

Mmoja wa mbwa hao ni Kishindo. Jina kubwa, mwili kilo tano. Ni wa aina ya Shih Tzu, mbwa wadogo ambao zamani walifugwa katika majumba ya wafalme wa China: pua fupi, macho makubwa, manyoya mpaka chini. Tuseme Kishindo ni wako. Mama amepiga simu, ameweka miadi ya saa tatu asubuhi. Shika kamba, twende.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye Kishindo?"

Anti ndiye kinyozi wa mbwa. Angalia anachofanya, maana ni tofauti na wageni wote wanaokuja nyumbani kwenu. Hamkimbilii Kishindo kumpapasa kichwa. Anachuchumaa ubavu ubavu, macho ameyapeleka pembeni, mkono ameuacha chini unuswe. Kwa mbwa asiyekujua, mtu anayemkodolea macho na kumwinamia kutoka juu ni mtu anayetafuta ugomvi. Kishindo ananusa vidole, kisha viatu, kisha anatikisa mkia kidogo. Sasa wamesalimiana.

Huku wakizoeana, anti anauliza maswali. Kadi ya chanjo iko wapi? Chanjo anayoitafuta kwanza ni ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hupita kwenye mate ya mnyama mgonjwa, hasa anapouma, na dalili zikishaonekana ni nadra sana mtu au mnyama kupona. Mwenye kazi ya kushika midomo ya mbwa kutwa nzima hawezi kubahatisha. Kishindo ana umri gani? Anatumia dawa yoyote? Ameshawahi kuuma mtu?

Halafu anakugeukia wewe. "Kuna mahali hapendi kuguswa?"

Swali hilo mama hawezi kulijibu, kwa kuwa wewe ndiye unayecheza naye. Unafikiri kidogo. "Mguu wa nyuma, wa kulia. Nikiushika anauvuta."

Anti anaandika kwenye daftari.

Meza ya saluni inafika kiunoni mwa anti, na juu imetandikwa mpira ili nyayo zisiteleze. Mbwa akiteleza mara moja tu, anaweza kuiogopa meza ile siku zote. Pembeni kuna mlingoti wa chuma wenye kitanzi laini cha kumzuia asijirushe chini. Kitanzi kina sharti lake: mbwa akishavishwa, anti haondoki hata hatua mbili kwenda kupokea simu. Mbwa akiruka na kitanzi kiko shingoni, anaweza kunyongeka.

Hapa unangoja kuuona mkasi. Bado. Anti anaanza na vidole vitupu. Anafunua macho, maana macho ya Shih Tzu yametokeza na hukwaruzwa upesi. Anainua mdomo kutazama fizi. Anainua sikio, analinusa! Usishangae. Sikio zima halinuki kitu cha kukukera, lakini lenye ukungu hutoa harufu ya chachu, na katika joto na unyevu wa pwani yetu, masikio ya kulala kama haya ya Kishindo hayapati hewa ya kutosha. Anapitisha vidole shingoni, kifuani, tumboni, akitafuta uvimbe, kidonda, au mahali ambapo Kishindo atashtuka.

Anatafuta pia alama ya mgeni mmoja ambaye bibi zenu wanamjua. Kuna nzi wa Afrika anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini au kwenye nguo zilizoanikwa bila kukauka vizuri. Yakianguliwa, buu dogo linajipenyeza ngozini na kukua humo, likiacha kivimbe chenye tundu katikati la kupumulia. Ndiyo sababu bibi anapiga pasi kila kitu, hata khanga ya kulalia. Mbwa anayelala mchangani hana wa kumpigia pasi, kwa hiyo nzi huyo humpata sana. Leo Kishindo hana.

Sasa anti amefika mguu wa nyuma, wa kulia. Anaushika taratibu, anaachanisha vidole. Ndani kabisa, panapofichwa na manyoya, kuna kupe wa kahawia, amenenepa kwa damu. Kupe wa mbwa hupenda maficho ya namna hiyo, katikati ya vidole na ndani ya masikio, na akinyonya anaweza kumwachia mbwa vijidudu vinavyoshambulia damu yake. Anti anachukua kibano, anamshika kupe pale pale anapokutana na ngozi, anamvuta moja kwa moja bila kumbinya tumbo. Hampaki mafuta ya taa wala hamchomi kwa kiberiti, kwa kuwa kupe aliyesumbuliwa hivyo anaweza kurudisha mate yake machafu ndani ya jeraha.

"Mimi nilidhani ni tabia yake tu," anasema mama.

"Mbwa hana tabia ya bure, mama," anti anajibu. "Ana sababu. Kazi yetu kuitafuta."

Baada ya ukaguzi ni kuchana, na kuchana huja kabla ya maji. Wengi hukosea hapa: wanaona mbwa mchafu, wanamtia kwenye beseni. Manyoya yaliyosokotana yakiloa hukaza kama fundo la kamba ya katani, na baada ya hapo hata vidole vya fundi havilifungui. Anti anashika fundo karibu na ngozi kwa mkono mmoja, ili ngozi isivutwe, na kwa mkono wa pili analilegeza kuanzia nchani kuja shinani. Anatumia kwanza brashi yenye sindano nyembamba zilizopinda, kisha kichana cha chuma. Kichana ndicho hakimu. Kikipita kuanzia ngozini mpaka nchani bila kukwama, hapo pamemalizika. Kikikwama, brashi inarudi kazini.

Na mafundo yakiwa mengi mno? Kinyozi mzuri hatamtesa mbwa saa nzima ili mwenye mbwa afurahie urefu. Atasema wazi, "Huyu tumnyoe yote, yataota tena." Chini ya manyoya yaliyoshikamana hivyo mara nyingi ngozi huwa nyekundu, yenye unyevu, na wakati mwingine ina vidonda ambavyo hakuna aliyeviona.

Haya, sasa maji. Yawe vuguvugu, na anti anayapima kwa ngozi ya ndani ya kiwiko cha mkono wake. Shampuu ni ya mbwa, siyo ile ya bafuni kwenu, wala sabuni ya kufulia. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yako na haina asidi nyingi kama yako, kwa hiyo shampuu ya binadamu humkausha na kumwasha. Povu la kwanza linapakwa mzunguko mzima wa shingo. Unajua kwa nini? Viroboto wakihisi maji mgongoni hukimbilia kichwani, kwenye masikio na macho. Mzunguko wa povu shingoni unawafungia njia. Kutoka hapo anti anashuka mgongoni, tumboni, miguuni. Uso hauoshwi kwa kumwagiwa. Unafutwa kwa kitambaa kibichi. Kisha kusuuza, na kusuuza kunachukua muda kuliko kuosha, kwa sababu sabuni iliyobaki kwapani itamfanya ajikune wiki nzima na ninyi mtadhani ana viroboto.

Taulo, kisha draya. Hapa, wasikilizaji wangu, ndipo mbwa wengi wanapokata tamaa. Draya ya saluni inasukuma upepo wa nguvu unaokung'uta maji kwenye manyoya, na inavuma. Mbwa anasikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, basi fikiria mashine inayotutia sisi kero inamfikiaje yeye. Anti anamvisha Kishindo kitambaa laini kinachobana masikio. Anaiwasha draya kwa mbali, kwa nguvu ndogo, akianzia matakoni, mbali na uso.

Kishindo anapiga miayo.

"Amechoka, anataka kulala," unasema.

"Hapana," anasema anti, na anaizima draya. "Ana wasiwasi."

Mbwa hana maneno, lakini mwili wake unasema mapema kabla meno hayajasema. Anapiga miayo bila usingizi. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anageuza kichwa pembeni huku macho yamebaki kwako, mpaka unaona weupe wake. Mkia unaingia chini ya tumbo. Anaganda, hatikisiki kabisa. Na hii ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa kuwa watu hudhani ametulia. Baada ya hapo ndipo hunguruma, na baada ya kunguruma ndipo huuma. Mtu anayesema "aliniuma ghafla" mara nyingi alikuwa ameshaambiwa mara tatu. Anti anangoja. Kishindo anajikung'uta mwili mzima, anapumua. Draya inawashwa tena, taratibu.

Kuna jambo jingine analolilinda. Kishindo ana pua fupi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho la kupoza mwili ziko hasa kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema. Mwenye pua fupi huhema kwa shida, hivyo hupata joto upesi. Ndiyo maana anti hamfungii mbwa kwenye kizimba akampulizia hewa ya moto na kwenda kunywa chai. Mbwa wamekufa kwa njia hiyo.

Kishindo amekauka, amevimba mara mbili ya alivyokuja. Zamu ya kucha. Mbwa wengi huwa nazo 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Ile ya tano ya mbele iko juu, upande wa ndani, haigusi chini, kwa hiyo haisuguliwi na kitu; ikisahauliwa hujikunja na kuingia kwenye nyama. Mbwa wa mtaani anayezurura kwenye lami husugua nyingine zote akitembea. Kishindo anatembea juu ya vigae vya sebuleni, hazisuguliki.

Ndani ya kila ukucha kuna nyama yenye damu na mishipa ya fahamu. Kwenye ukucha mweupe unaiona, ya waridi. Kwenye ukucha mweusi huioni, na anti hukata kipande chembamba, anatazama, anakata kingine, mpaka aone doa dogo katikati ya mkato, hapo anasimama. Karibu yake kuna kichupa cha unga wa kuzuia damu, kwa kuwa hata fundi aliyezeeka kazini huteleza. Masikio yanafutwa kwa pamba iliyozungushwa kidoleni na dawa yake maalumu, hakitiwi kijiti. Njia ya sikio la mbwa inashuka chini kwanza, kisha inakata kona kuingia ndani. Kijiti kinasukuma uchafu kwenye kona hiyo na kuuacha huko.

Wakati huo mlango unafunguliwa. Anaingia mzee mmoja na mbwa wake wa ulinzi, German Shepherd, ulimi nje.

"Habari za hapa. Huyu mnyoeni yote. Joto hili litamuua."

"Karibu, baba," anti anajibu. "Nikimnyoa ndiyo nitamzidishia."

Mbwa wa namna hiyo ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu magumu na marefu, ya chini laini na mengi. Yakichanwa vizuri, yale ya chini yaliyokufa yakatolewa, hewa hupita kati yake na jua haliifikii ngozi. Ukiyanyoa, jua linapiga ngozi tupu, na wakati mwingine hayaoti tena kama yalivyokuwa. Dawa yake ni kuchanwa, maji ya kunywa na kivuli. Mzee anakuna kidevu, anakaa kwenye benchi kungoja zamu, karibu na paka mmoja ndani ya kikapu.

Paka? Ndiyo, huja mara chache. Paka wengi wa mitaani kwetu, wale wa Mombasa na Unguja wenye manyoya mafupi, wana saluni yao mdomoni: ulimi wa paka umejaa vijindoano vidogo vinavyochana na kusafisha. Huyu wa kikapuni ni wa Kiajemi, manyoya marefu, ulimi wake peke yake haumtoshi. Na kwenye kikapu chake kuna karatasi yenye onyo kubwa: asipakwe dawa ya kupe ya mbwa. Baadhi ya dawa hizo zina permethrin, ambayo mbwa huivumilia lakini inaweza kumuua paka. Ukirudi nyumbani, mweleze jirani mwenye paka.

Sasa, hatimaye, mkasi! Lakini kwanza mashine ya kunyolea. Makali yake yana namba, na namba zake ni za kinyume: ikiwa kubwa, manyoya yanabaki mafupi. Namba 10 huacha milimita 1.5 hivi tu. Namba 4 huacha karibu milimita 9.5. Kila baada ya muda anti anayagusisha makali kwenye mkono wake, maana chuma kinachosuguana hupata moto na kinaweza kumwunguza Kishindo bila mtu kujua. Anashuka na mgongo kufuata uelekeo wa manyoya. Miguuni anatumia mkasi mrefu. Karibu na macho anatumia mfupi wenye ncha butu, na mkono wa pili umeshika kidevu.

Ufundi huu si wa juzi. Mjini Paris, katika karne ya 19, vinyozi wa mbwa walikaa kando ya mto Seine, karibu na daraja la Pont Neuf, na masanduku yao ya mikasi, wakinyoa mbwa mchana kweupe, wapita njia wakitazama. Wateja wao wakubwa walikuwa mbwa aina ya poodle. Huenda mmewaona kwenye picha, wamenyolewa kiuno kitupu na kuachiwa manyoya kifuani na kwenye vifundo vya miguu, mkadhani ni mbwembwe. Asili yao ni mbwa wa kufuata ndege waliopigwa majini. Manyoya mengi yakiloa ni mazito, hivyo wenye mbwa waliwanyoa nyuma waogelee vizuri, wakabakiza ya kifuani na ya kwenye viungo yawakinge na baridi ya maji. Mbwembwe zilikuja baadaye.

Saa mbili na zaidi zimepita. Kishindo anashuka mezani, macho yake yanaonekana yote mawili kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mama anatoa pesa, lakini anti hajamaliza. Anasoma daftari lake: kupe mmoja, mguu wa nyuma wa kulia, nunueni dawa ya kupe na mtazame asipoteze hamu ya kula. Sikio la kushoto lina wekundu kidogo na harufu. Mpelekeni kwa daktari wa wanyama. Yeye mwenyewe hatii dawa humo. Kinyozi huona, daktari hutibu, na kila mmoja anajua mpaka wake.

Halafu anakukabidhi wewe kichana cha chuma.

"Utakuwa unamchana jioni. Gawa manyoya mpaka uione ngozi, uchane mstari kwa mstari. Pia mshike nyayo, masikio na mdomo, kidogo kidogo, umpe kipande cha nyama. Azoee mikono."

"Kila siku, anti?"

"Kila siku. Tuonane baada ya wiki sita. Na mimi nitajua."

"Utajuaje?"

"Wavivu wote huchana mgongo, kwa sababu ndio unaoonekana. Mimi nitaangalia kwapani, nyuma ya masikio na chini ya mkia."

Kwa hiyo, wewe mwenye mbwa wa manyoya marefu unayenisikiliza, usiniambie mimi kama unamchana. Inua mguu wake wa mbele, pitisha kichana kwapani, kisha uniambie kimekwama wapi.